Mtu wa Kuingia Nawe Leba

Salma mwanangu,

Tangu lini mtu wa Uthiru akaandikiwa barua na mtu wa Woodley? Najua utacheka. Kesho mchana mtakuwa mmeshahamia huko na kupakua vyombo, na ukinitaka au nikikutaka ni mwendo mfupi tu. Lakini unanijua. Nikifungua mdomo hutoka maneno mawili mazuri, kisha la tatu likaharibu yote, na safari hii sitaki hilo la tatu litoke. Mdomo uliponza kichwa, na wangu umeponza zaidi ya kichwa changu peke yake. Kalamu haina haraka, na nikikosea nafuta.

Watu huandika barua kama hizi usiku. Mimi macho yangu ya usiku yalishaniaga, kwa hiyo naandika sasa hivi, baada ya alasiri, kwenye daftari lako la darasa la nane ambalo lina kurasa nyingi tupu kuliko ulivyokuwa ukiniambia. Wewe na Idris mko chumba cha nyuma mnafunga maboksi. Nawasikia mnabishana kama kabati lipakiwe limesimama au limelazwa. Lilazwe. Lakini sisemi kitu.

Sitakufundisha kuweka nyumba. Umekaa chumba kile na mumeo mwaka mzima, mimi mkwe wake nikiwa upande wa pili wa ukuta, na bado mnapendana. Aliyeushinda mtihani huo hahitaji kuambiwa amheshimu mume na afunge mlango wa jikoni. Mimba yako ina miezi saba, unajua chakula kipi kinakukataa, na habari za kliniki unazijua kunishinda. Hayo yote nayaruka. Nataka kukuandikia yale niliyokosea mimi, na nianze na mkono wako.

Ulikuwa na miaka saba. Sijui kama unaikumbuka Woodley ya wakati ule kama ninavyoikumbuka mimi. Ua la miiba ya kayaba lilikuwa refu kuliko mtu, na likishalowa mvua lilikuwa na harufu yake. Watoto wa mtaa mzima mlikuwa mkiingia na kutoka kwenye tundu lile moja, na kila mmoja alirudi kwao na mikwaruzo. Kila Jumamosi mimi na wewe tulishuka mjini dukani kwa babako, Mungu amrehemu, pale Biashara Street. Ulikuwa ukilala juu ya majora ya kitambaa, babako akikata nguo za wateja kwa kukuzunguka ili usiamke. Adhana ya adhuhuri ikilia alifunga mlango nusu, nasi tukala sambusa pale nyuma, tumekaa sakafuni watatu, mafuta yote vidoleni, na huku yeye akikataza mtu asiguse hariri. Nikiulizwa furaha nilipata wapi duniani, nitasema pale sakafuni.

Sasa wiki ile ulianguka kutoka kwenye mpera wa jirani. Hukumwambia mtu. Siku mbili nzima ulikwenda shule ukarudi, ukaoga, ukalala. Siku ya pili tulikaa kula, na wewe ukapeleka mkono wa kushoto kwenye sahani ya wali. Nikakupiga kofi la mkono. "Unakula na shetani?" nikakwambia. Ukauteremsha wa kushoto, ukainua wa kulia, na wali wote ukamwagika mapajani kwa sababu vidole havikukunjika. Babako ndiye aliyepandisha mkono wa nguo akaona. Mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko. Ulikuwa umevunjika, na mimi nimekupiga kofi kwa kula na ule mzima.

Daktari alikutazama akashangaa. "Siku mbili, na huyu hajalia?" Nikamjibu mimi, kabla yako, kwa kiburi: "Mwanangu halii." Na sikuishia hapo. Nilisimulia kisa hicho dukani kwa kila mteja aliyekuja kupima kitambaa, wanawake wakasema mashallah, huyo ni binti wa watu. Wewe ulikuwa umesimama kando ya meza ya kukatia, mkono una plasta, unasikiliza kila neno. Ulikuwa mwanafunzi mwepesi, Salma, na mwalimu wako alikuwa mimi.

Na mimi nilifunzwa. Kwetu Mombasa, Mji wa Kale, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, jirani akikohoa wewe unamwambia afya. Mama yangu alituzaa sita humo ndani, na majirani walijua amejifungua pale tu waliposikia mtoto. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake. Wakunga walikwenda nayo nyumba hadi nyumba. Sisi mabinti zake tulikua tukiisikia, na hakuna aliyetuambia mama yetu mwenyewe aliionaje, maana yeye hakusema.

Sasa twende Jumapili iliyopita, uani, tulipokuwa tukichambua mchele. Wewe ulianza.

"Mama, kuna kitu nataka kukuambia na usikasirike."

"Ukishasema nisikasirike, nimeshakasirika."

"Hospitali inaruhusu mtu mmoja tu kuingia na mimi leba. Mmoja, basi. Na nimeamua ni Wambui. Ni doula wangu."

"Dula?" nikasema. Kwetu Mombasa Dula ni Abdallah aliyefupishwa jina. Nikadhani umechagua mwanamume, nikamwaga ungo mzima. Ulicheka hadi ukashika tumbo, na mimi nikacheka, na tukauokota mchele pamoja. Ulinieleza vizuri, kwa subira. Kwamba ni mwanamke aliyejifunza kazi ya kukaa na mzazi tangu uchungu unapoanza hadi mtoto apakatwe. Hashiki mkasi wala sindano, hiyo ni kazi ya daktari na wakunga. Yeye anakusugua mgongo, anakukumbusha kupumua, anakuuliza wataka nini, na ukiogopa kumuuliza daktari anakuulizia.

"Na mimi je?" nikakuuliza.

"Wewe utakuwa hapo nje, Mama. Tukimaliza, wewe ndio wa kwanza. Si ati sikutaki. Ni vile Wambui ameshaingia na watu wengi, anajua vile mambo huenda. Na sitaki wanifanyie vile walimfanyia khalati Mwanaidi."

Hapo ndipo lilipotoka lile neno la tatu. Nilisema: "Basi huyo atakayekushika mkono ndiye akukande. Mimi arubaini yako usinitafute."

Unajua uzito wake. Kwetu binti akizaa mimba ya kwanza, mama ndiye anayemkanda kwa maji moto asubuhi na jioni, anampikia uji wa pilipili manga, anamfunga tumbo, anamlea siku arobaini naye kama mtoto tena. Mama akikataa kumkanda bintiye amemwambia wewe si wangu. Nilikwambia hivyo, nawe una miezi saba, umekaa kwenye kigoda changu.

Hukujibu. Ulichambua mchele hadi ukaisha, ukainuka ukishika kiuno, ukasema: "Sawa, Mama. Utaingia wewe. Nitamwambia Wambui asikuje."

Na mimi nilifurahi! Lazima uijue aibu yangu yote. Nilipika pilau siku ile, na wewe hukula, na mimi nikasema ni ujauzito. Usiku ule ule nikampigia simu khalati yako Mwanaidi, mdogo wangu, huko Mombasa, kumringia. "Mimi ndiye ninayeingia na Salma," nikamwambia. Simu ikanyamaza, nikadhani imekatika. Kisha akaniuliza neno moja, kwa upole wake ule ule.

"Dada, utamwacha alie?"

Sikulala. Sasa nikueleze kwa nini.

Wewe unakijua kisa cha Mwanaidi kama nilivyokusimulia. Kwamba alikuja Nairobi kuzaa mimba yake ya kwanza, kwa kuwa mama yetu alikuwa amefariki na mimi ndimi dada mkubwa. Alishuka garimoshi na halua na kashata, tumbo liko mbele, na wewe wa miaka minne ukamkimbilia ukamshika miguu usimwachie. Siku kumi mlilala kitanda kimoja, ukiweka sikio tumboni na kumsalimia mtoto. Kwamba uchungu ulimshika alfajiri tukaenda hospitali, masista wakampuuza tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mtoto akafa. Umekua na kisa hicho. Ndicho kilichokupeleka kwa Wambui. Lakini kuna sentensi moja nimeiruka miaka yote hiyo, na ndiyo hii: mimi nilikuwamo ndani.

Wakati ule ndugu hawakuwa wakiruhusiwa kabisa. Waume walisimama getini na vikapu, kina mama walikaa benchi wakivuta tasbihi au rozari. Lakini sista mmoja wa zamu ile alikuwa akinunua kitambaa cha sare kwetu. Akanivuta kando. "Mama Salma, ingia," akaniambia, "lakini umnyamazishe. Wako wengi leo. Nikisikia kelele, nakutoa." Jina la hospitali sitaliandika, na la sista nimelisahau kweli. Niliingia kifua mbele. Wanawake wengine walikuwa nyuma ya mapazia peke yao, na ndugu yangu ana dada yake. Nilijiona mtu mkubwa.

Mwanzoni nilimfaa. Nilimsugua mgongo, nilimsomea dua, nilimkumbusha alivyokuwa akiiba kaimati jikoni utotoni, akacheka katikati ya uchungu. Saa zile nazikumbuka kwa mapenzi hadi leo, na ndilo linaloniumiza, kwamba nilikuwa najua kufanya vizuri. Kisha maumivu yakabadilika. Alinikamata ukosi wa buibui. "Dada, hii si kama mwanzo. Haiji ikaenda. Imekaa tu. Mwite sista." Na akalia kwa sauti.

Sista alichungulia pazia, akanitazama mimi, wala si yeye. Niliogopa kutolewa. Na zaidi ya woga niliona haya. Nikachukua leso nikamwekea Mwanaidi mdomoni, kwa mkono huu ninaoandikia, nikamwambia: "Nyamaza. Mama alituzaa sita na jirani hakusikia. Usitutie aibu mbele ya watu wa bara."

Akanyamaza. Sista alipopita akiuliza, "Huyo anaendelea aje?" nilijibu mimi. "Salama, anajikaza." Akapita tena akauliza, nikajibu tena. Kwa hiyo hawakumpuuza, Salma. Waliuliza wakajibiwa, na aliyejibu nilikuwa mimi.

Mara ya tatu sista alikuja mwenyewe na kile chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto. Akakiweka tumboni, akakihamisha, akakihamisha tena. Kisha yeye ndiye aliyepiga kelele. Mwanaidi alisukumwa mbio kwenda kupasuliwa, mimi nikabaki na leso mkononi. Mtoto alikuwa wa kiume, amekamilika, nywele tele. Hakulia.

Nilimuuliza daktari kama tungesema mapema ingekuwaje. Akasema pengine. Hakunilaumu, hakuwa na habari ya leso. Pengine hiyo nimekaa nayo hadi leo, na namna niliyopata ya kukaa nayo ilikuwa kuwatwika masista mzigo wote. Mwanaidi hakunipinga hata siku moja. Alizaa mabinti wawili baadaye, na mara zote mbili nilipigiwa simu mtoto ameshaogeshwa. Nilikuwa nikisema ni umbali, Mombasa mbali. Nilijua si umbali. Na yale ya mkono wako yalikuja miaka mitatu baada ya hayo, ungedhani ningekuwa nimejifunza. Methali ya mficha uchi hazai nimewatolea wateja wote wa Biashara Street, na mimi mwenyewe haikuniingia.

Jumapili uliposema "sawa, Mama," unyamavu ule nilikuwa nimeshawahi kuusikia mahali. Mwanaidi aliponiuliza, nikajua ni wapi.

Juzi nilikwambia nakwenda mjini kununua leso. Nilidanganya, nisamehe. Nilikwenda Uthiru, kwao Wambui.

Nilimkuta Wambui nyuma ya ile ploti ya wazazi wake, amevaa gambuti, anawamwagia kuku mahindi. Kabla sijajitambulisha akaacha kazi.

"Wewe ni Mama Salma. Mnafanana hadi kwa kutembea. Kuja ndani. Na kama umekuja kuniambia nisikuje, Salma alishanipigia. Mimi sina ubaya na nyinyi."

Nilikuwa nimepanga maneno ya heshima. Yakanitoka yote. Aliniletea chai ya maziwa matupu, nikamweleza habari za Mwanaidi kuanzia sista hadi leso. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuyasikia kutoka mdomoni mwangu. Nilingoja aniambie pole au anilaumu. Hakufanya moja wala la pili. Aliuliza:

"Na ukishika Mwanaidi hivyo, wewe nani alikuwa amekushika?"

"Hakuna."

"Ndio hivyo. Mama wa mtu akiingia pale huogopa mara mbili. Anaogopea mtoto wake, na anaogopea watu wataona aje. Mimi naogopa mara moja tu. Ndio maana mimi naweza uliza."

Kisha akafungua kijitabu. "Sasa niambie kitu moja. Salma akiumia hukuwanga aje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, wala sikujua kwamba jibu ninalo. "Hunyamaza," nikamwambia. "Akilalamika bado yuko salama. Akicheka cheka ovyo, mtazame. Akinyamaza na kukwambia sawa, basi hapo pameharibika, usimwamini, mwite daktari." Nikamweleza habari ya mpera na wali. Aliandika yote, polepole, kalamu inakwama kwenye karatasi. Na mimi nikalia, Salma. Nililia kwa sauti mbele ya mtu wa bara, kuku wakanitazama mlangoni, na dunia haikuanguka.

Nilipomaliza kujipangusa akaniambia jambo ambalo hukuniambia wewe. "Hata wewe ukikubali, shida iko pale hospitali. Kuna siku naruhusiwa, kuna siku sista wa zamu ananiambia mimi si familia, nitoke. Nimeshawahi kaa nje ya geti kutoka asubuhi hadi jioni, na mama mwenye aliniita ako ndani peke yake, anauliza niko wapi."

Hapo hasira zangu zikapata kazi ya maana kwa mara ya kwanza mwezi huu. Nikamwambia avae viatu vya watu. Tukaenda wote hadi ile hospitali ya mjini unakohudhuria kliniki, tukaomba kuonana na sista mkuu wa leba. Mwanamke mrefu, miwani shingoni, amechoka lakini ana adabu.

"Tunaruhusu mtu mmoja," akasema, "na tunapenda awe ndugu. Huyu ni nani yake?"

Wambui akafungua mdomo, nikamtangulia. "Mimi ndimi mama yake mzazi, hakuna ndugu wa kunizidi. Na mimi nasema nafasi yangu apewe huyu, ikiwa mwanangu anamtaka."

Sista akanitazama juu ya miwani. "Mama, hapa watu hugombana nikiwakataza kuingia. Wewe unagombana ubaki nje?"

"Ndiyo."

Akacheka kidogo, kisha akaona kwamba mimi sicheki. "Lakini mimi siwezi andika vile mama ya mgonjwa anataka," akasema. "Mwenye kuzaa ndiye huandika. Kuna fomu. Aandike jina la mtu anayemtaka, aweke sahihi, iwekwe kwa faili mapema. Ikiwa kwa faili hakuna wa zamu atamrudisha, hata kama si ndugu. Wengi hawajui, na hawaulizi."

Akanipa fomu. Wambui alikuwa amezunguka miaka mingi akitafuta karatasi kama hiyo, na kila dirisha likimwambia haipo. Alitaka kunikumbatia pale pale, nikamwambia tungoje tufike nje.

Kabla ya kuondoka nilikaa kwenye benchi la nje ya leba, kulijaribu. Nilitoa kalamu mkobani niandike jina la Wambui, nikuletee kitu kilichokwisha. Nusura. Kisha nikajiona nakuamulia tena, safari hii kwa wema, na kalamu nikairudisha. Basi fomu iko ndani ya bahasha hii, nafasi ya jina iko wazi.

Nilipokuwa pale benchi, mle ndani kuna msichana alikuwa akipiga mayowe, anamwita mama yake, anamwita Yesu, anamwita mtu anaitwa Kevo kwa maneno siwezi kuyaandika. Na unajua wazo la kwanza lililonijia, baada ya yote hayo? Binti wa nani huyo asiye na haya. Ndilo lililokuja kwanza. La pili lilichelewa: yu hai, na kila mtu mle ndani anajua anapoumia. Ndipo nilipojua kwamba siwezi kuingia nawe. Si kwa kuwa sikupendi. Nakupenda kuliko nilivyowahi kukwambia, na hilo nalo ni kosa la kuandika hapa. Ni kwa kuwa mambo niliyofunzwa Mji wa Kale hayawezi kunitoka kwa safari moja ya Uthiru. Mkono wangu unaujua mdomo wa Mwanaidi, sitaki uujue na wako.

Mwanaidi anajua naandika. Nilimpigia jana kumwomba ruhusa, maana mtoto ni wake na kisa ni chake. Akasema, "Mwambie, Dada. Mwambie yote." Halafu tukazungumza habari za mtoto yule, nywele zake, kwa mara ya kwanza. Tulilia wote wawili kwenye simu hadi ikakatika kweli.

Huenda ukisoma hapa ukanikasirikia. Nimekulisha uongo tangu una miaka minne. Kasirika, na ukitaka kuja kuniambia usoni, njoo uniambie, sitakwambia nyamaza. Hayo ya kukukanda nayafuta. Maji nitachemsha mimi, uji nitapika mimi, siku zote arobaini, huko Uthiru au hapa, iwe umeandika jina la nani kwenye karatasi ile. Hata ukiandika langu, nitakwambia ufikiri mara ya pili, kisha nitakuja.

Lakini ukiandika la Wambui, mimi nitakuwa pale benchi tangu mwanzo hadi mwisho, na pale husikika kila kitu. Usinionee haya, mamangu. Ikiuma, piga yowe la kupasua paa. Nataka nikusikie.

Mamako,
Rukia